Ndege Zinazoinamia Ilambila

Katika chumba cha wasomaji hakuna rubani mwenye jina. Kuna mikono tu.

Kila ndege ya Shirika la Korongo ikishagusa ardhi na kuzima injini, humimina yote iliyoyapitia: breki zilikanyagwa wapi, pua iliinuliwa lini, mafuta gani yaliungua bure kwa kuzungukazunguka angani, usukani ulisukumwa kwa papara au kwa utaratibu. Wasomaji huyapokea hayo na kuyasoma kama mkunga anavyolisoma tumbo, kwa kupapasa. Mtu akitua vibaya hawamjui sura. Wanaujua mkono wake.

Na kwa kuwa binadamu hawezi kuishi na kitu asikipe jina, waliibatiza mikono ile majina ya nyumbani. Kinu alikuwa yule anayetua kwa kishindo. Mwiko alikuwa yule asiyetulia, anakoroga usukani hata kama anga ni shwari. Na Bibi Harusi, huyo alikuwa habari nyingine. Bibi Harusi aliiweka ndege chini kama mwali anavyokaa mkekani, hata pale ukungu wa Mbeya unapoziba kila kitu na rubani haoni zaidi ya kioo chake.

Kutokana na mikono hiyo yote walimtengeneza Mlezi, akili ya mashine iliyowekwa ndani ya kila ndege. Mlezi hakushika usukani, aliuegemea tu. Rubani akianza kukosea, alihisi usukani ukimsukuma kiganja polepole, kama mama anavyoushika mkono wa mtoto anayejifunza kuandika. Tangu Mlezi aingie kazini, matairi yalidumu, mafuta yalibaki, na hakuna ndege ya Korongo iliyowahi kuteleza nje ya njia yake. Zamani ukungu ukishuka ndege ziligeuza zikarudi Dar es Salaam na abiria wao. Sasa zilitua. Mlezi alikuwa na mikono mingi, lakini ndani ya ukungu alitumia mmoja tu.

Sekela Mwambene alikuwa akifunga kopo la maziwa aliyojikamulia kwa ajili ya mwanawe wakati Fanuel, msomaji mwenzake, alipomwita.

"Mama Lusajo, njoo uone. Imeinama tena."

Sekela alisogea. Kwenye kioo mstari wa safari ulishuka vizuri kutoka mashariki, mpaka ulipofika juu ya kilima cha Ilambila. Hapo bawa la kushoto liliinama. Likarudi. La kulia likainama, likarudi. Kisha pua yenyewe ikashuka, taratibu, ikakaa chini kwa muda, ndipo ikapanda na safari ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kama mtu anayepita kwa wakwe," alisema Fanuel.

"Mkono wa nani?"

"Leo Kinu. Jana Mwiko. Juzi yule mgeni tuliyekuwa hatujamwita kitu. Wote pale pale, kwa namna ile ile. Hata Kinu, ambaye maisha yake yote hajafanya jambo kwa adabu."

"Upepo?"

"Upepo gani huo unavuma kwenye eneo la uwanja mmoja wa mpira, kwingine hauvumi?"

Sekela alifungua maelezo ya marubani. Yalikuwa yamefutwa majina, na yote yalisema jambo moja kwa maneno tofauti. Mmoja alikuwa ameandika: Sikuinamisha. Usukani ulitaka kuinama, na mkono wangu ukaona haya kuukatalia.

Alilisoma lile mara mbili.

"Mwanzoni ilikuwa mabawa tu," aliendelea Fanuel. "Abiria hata chai haikumwagika. Hii ya pua imeanza mwaka huu, na kila mwezi inashuka zaidi. Saa hizi inazidi vilele vya mikaratusi kwa urefu wa mkaratusi mwingine. Masika yakiingia na mawingu yakalala pale juu, dada yangu, tutasoma mkono mmoja ambao haukuinuka tena."

"Mbona hizi zimeinama kidogo tu?"

"Hizo za Jumapili. Na Alhamisi. Jumapili inaogopa ibada."

"Na Alhamisi?"

"Gulio." Fanuel alicheka. Sekela hakucheka. Alikuwa ameutambua mwendo wa yale mabawa, ule upole wa kwenda na kurudi bila kukwaruza.

"Fanuel, huu ni mkono wa Bibi Harusi."

"Ndiyo maana unapendeza."

"Ni lini mara ya mwisho Bibi Harusi kurusha ndege?"

"Anarusha kila siku. Si ndiye anayetutulia kwenye ukungu?"

"Mkono wake, ndani ya Mlezi. Nakuuliza yeye. Yeye mwenyewe, amekaa kwenye kiti."

Walitafuta. Walirudi nyuma mwezi kwa mwezi, na kadiri walivyorudi ndivyo Fanuel alivyopungukiwa utani. Bibi Harusi hakuwa ameketi kwenye kiti chochote tangu kabla ya mavuno ya mwaka uliopita. Wasomaji hawakugundua, maana wangegunduaje? Kila ndege iliyotua ilikuja na mkono wake. Walikuwa wakimwona kila siku, kama vile saa ya ukutani inavyoonekana kila siku na hakuna anayeitazama.

*

Majina ya kweli ya marubani yalikaa kichwani na kwenye kabati la mtu mmoja, Bi Mwanaidi Shomvi, mwanamke wa Bagamoyo ambaye miaka yote aliyokaa Mbeya hakuizoea baridi. Alivaa sweta mbili na kushika kikombe cha tangawizi kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

"Bi Mwanaidi, Bibi Harusi amefariki?"

"Usiniulize hilo, mwanangu."

"Hujakataa."

"Wala sijakubali. Kaa chini, unanitia baridi ukisimama mlangoni."

Sekela alikaa, akaeleza. Bi Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho bila kunywa.

"Kwanza nikukumbushe sharti," alisema. "Msomaji akilijua jina, ameacha kuwa msomaji. Si kwamba tunapenda siri. Marubani wamekubali tuwasome kwa sababu hatuwatazami usoni. Rubani anakosea, ndege yake inasema, sisi tunajifunza, na yeye anaenda kulala kwake. Siku wakijua kuna jicho linalowafahamu, watajifunza kuficha. Makosa yanayofichwa ndiyo yanayozika watu."

"Naelewa. Sasa tufanye nini? Tukate hicho kipande cha kuinama?"

"Wewe ndiye msomaji. Kinakatika?"

Sekela alitikisa kichwa. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Ili Mlezi aache jambo, ni lazima umwonyeshe linaanzia wapi na linaishia wapi, na ni la nini. Ule mkono ulikuwa mmoja, kama uzi wa sweta. Kuinama kule juu ya Ilambila kulikuwa kumeshikana na kutua kule ndani ya ukungu, na yeye hakujua avute wapi.

"Basi uzikwe wote," alisema Bi Mwanaidi.

"Tukiuzika wote tunaukosa na ukungu. Ndege zitaanza kurudi. Au rubani mmoja atajilazimisha kutua."

"Ndiyo."

"Na nani anaweza kuuzika?"

"Mwenyewe, kwa neno lake. Au mrithi wake. Walipotia sahihi, hilo walilidai, na hata mkurugenzi hawezi kulipinga." Aliinua macho. "Wewe unakwenda wapi?"

Sekela alikuwa ameshasimama. "Kutazama ndege zikipita. Hilo halikatazwi."

Bi Mwanaidi alipiga funda moja la tangawizi. "Vaa viatu vya matope," alisema.

*

Hakuhitaji jina. Ndege zenyewe zilikuwa zimechora mshale. Sekela alifuata njia ya miguu katikati ya mashamba ya viazi mpaka mahali ambapo mabawa yote yalianza kuinama, na hapo palikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, jiko la nje, migomba michache, na mwanamke mzee aliyekuwa akichambua mbegu za viazi juu ya gunia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, mama."

"Mimi naitwa Sekela. Nafanya kazi na ndege."

Yule mzee hakushangaa. Aliweka chini kiazi alichokishika. "Mmechelewa," alisema. "Mimi ni Subilaga. Keti."

Kabla hajaketi, kichwa cha yule bibi kiliinuka. Sekela hakusikia kitu. Bibi Subilaga alikuwa ameshasimama, akaita, "Bupe," na kutoka nyuma ya migomba akaja binti mdogo, wa umri wa kung'oka meno ya mbele, mikono imejaa udongo. Alitembea mwenyewe mpaka jikoni, akaingia. Bibi akafunga mlango, akapitisha kijiti kwenye pete.

Ndipo mvumo ukasikika.

Sekela alikuwa ameziona ndege zote hizo kwenye kioo, mistari ya kijani juu ya weusi. Hakuwahi kuona hii. Ilitokea juu ya mikaratusi, nyeupe, kubwa kuliko kilima, na ikainamisha bawa la kushoto kwa upole wa ajabu. Ikalirudisha. Ikainamisha la kulia. Kisha pua ikashuka. Kivuli kilipita juu ya viazi, kuku wakajibana ukutani, majani ya migomba yakaanza kutetemeka. Chini ya tumbo lake, yale macho ya vioo yanayotumika kutazama njia ya kutulia yalikuwa yakizunguka, yakitazama uwanja wa nyumba, yakitazama shamba, yakirudi uwanjani.

Sekela alihisi maziwa yakimtoka, yakilowesha gauni. Yalimtoka kama yanavyotoka mtoto akilia.

Ndege ikakaa hivyo, imeinama, kwa muda ambao hakuna ndege inayopaswa kukaa. Halafu ikapanda na kuondoka.

Kutoka jikoni ikasikika sauti ndogo, tulivu kabisa. "Bibi, leo imeshuka mpaka wapi?"

"Nyamaza, mwanangu," alisema Bibi Subilaga. Alimgeukia Sekela. "Kupunga huko kulikuwa kwa binti yangu. Anyisile. Alikuwa kapteni wenu. Akipita hapa alitupungia kwa mabawa, kushoto na kulia, huyu mtoto anaruka kama ndama. Kisha akaumwa kichwa, na kichwa kikamwondoa ndani ya mwezi mmoja. Tukazika, tukanyoa, tukamaliza matanga. Kesho yake ndege ikapita, ikapunga."

Sekela aligeuka kutazama kule ndege ilikotokomea.

"Nikadhani ni wenzake wanatupa pole. Nikashukuru. Wakaendelea kutupa pole kila siku, mpaka nikaona hapana, hakuna binadamu mwenye pole ndefu hivyo. Nikaanza kumwita mtoto ndani zikipita. Halafu zikaanza kushuka. Kama mtu anayetafuta njia ya kufika chini. Nikajiambia, huyu amekuja kumchukua mtoto wake. Tangu Kwaresima, nikisikia mvumo namfungia."

"Kila siku?"

"Isipokuwa nikiwa kanisani. Na gulioni, Alhamisi. Siku hizo anabaki na jirani, na jirani haoni ubaya."

Sekela aliketi juu ya gunia la viazi. Jumapili na Alhamisi. Mtoto akiwa nje, ndege ilimwona, ikapunga, ikaenda zake. Mtoto akiwa ndani, ilishuka. Ilishuka na hakuonekana, basi kesho ikashuka zaidi. Anyisile alikuwa ameufundisha mkono wake kwamba juu ya Ilambila kuna mtoto wa kutazamwa kabla ya kwenda kutua. Mkono ulijifunza. Kisha mwenye mkono akaondoka, na hakuna aliyeuambia uache.

Bibi Subilaga alikuwa amefungua mlango. Bupe alitoka, akamtazama mgeni, akalitazama gauni lake lililolowa.

"Una mtoto," alisema.

"Ninaye. Anaitwa Lusajo."

"Yuko wapi?"

"Kwa dada yangu. Bupe, yale mabawa, mama alikwambia maana yake?"

"Kushoto ni 'nimekuona'. Kulia ni 'kula, ulale'." Alisema kama anayesoma ubao.

"Na ile ya kushuka?"

"Ile siyo ya mama."

Bibi aligeuka. "Hukuwahi kuniambia hivyo."

"Hukuniuliza, bibi." Bupe alijipangusa udongo kwenye sketi. "Mama alikuwa anapita tu. Huyu ananitafuta."

*

Simu ilishika mtandao karibu na tangi la maji. Sekela aliweka sauti ya nje, ili bibi asikie.

"Kwa hiyo umefika," alisema Bi Mwanaidi. "Na jina umelijua."

"Nimelijua." Akaeleza yote, la mabawa, la mtoto, la mlango wa jiko, na, kwa ajili ya bibi, namna mkono wa Anyisile ulivyobaki ndani ya Mlezi.

"Sekela, nikwambie watakachosema wakubwa nikiwapelekea hili? Watafurahi. Watasema, kumbe dawa ni rahisi, mtoto asimame nje. Watamjengea kibanda, watampa koti la mvua lenye nembo ya korongo, watamlipia shule. Na ukungu tutaendelea kuutua."

Sekela naye alikuwa ameshaliwaza, na kuliwaza kulimtisha kuliko ile ndege. Lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa na hesabu nzuri: maelfu ya watu angani, wajawazito wanaowahishwa hospitali ya Muhimbili, wagonjwa, watoto mapajani, na chini yao binti mmoja anayepunga mkono mara kadhaa kwa siku. Nani angekataa?

"Naweza kusimama," alisema Bupe. Alikuwa nyuma yao na wala hawakumsikia akija. "Sichoki. Hata mvua ikinyesha nitasimama."

Alisema bila huzuni, kama mtoto anayejitolea kuchota maji. Sekela alimwona akiwa na miaka kumi, amesimama. Akamwona amevunja ungo, amesimama. Mchumba anamsubiri, yeye anatazama juu ya mikaratusi, kwa sababu akienda harusini kwake kutakuwa na ndege inayoshuka kumtafuta. Mtoto anayelelewa na kitu ambacho hakijui kwamba watoto hukua wakaondoka.

"Bibi," alisema Sekela. "Kuuzika mkono huu ni kwa neno la mrithi, mimi sina haki ya kukuamulia. Mkono ukizikwa, ndege hazitapunga tena, hata ile ya kushoto na kulia. Na kwenye ukungu marubani watakuwa peke yao. Sitakuficha, huenda watu wakapata shida. Ila mzigo huu si wa mtoto."

Bibi Subilaga aliitazama simu kama anayemtazama mtu.

"Na mimi ndiye niliyekuwa ninaishusha," alisema. "Kwa kumficha."

"Ulikuwa unamlinda."

"Ndiyo. Naye alikuwa anamlinda. Wote wawili tungemuua." Alisogea karibu na simu. "Unanisikia, mama?"

"Nakusikia, dada yangu," alisema Bi Mwanaidi.

"Mimi ni Subilaga, mama yake Anyisile. Mrithi ni mtoto, na mimi ndiye ninayemlea. Mkono wa mwanangu umefanya kazi ya kutosha, hata baada ya mwenyewe kupumzika. Naomba mwuache nao ukapumzike."

Ikasikika sauti ya funguo, na ya kabati zito.

"Nimepokea neno la mrithi," alisema Bi Mwanaidi, na sasa sauti yake ilikuwa ya kazini. "Mkono nauzika sasa hivi, na nawaambia marubani wote walioko angani: ukungu ni wenu. Sekela, Jumatatu kiti chako kitakuwa na mtu mwingine."

"Najua."

"Njoo kwangu, tunywe tangawizi. Marubani waliokwisha kufa wana ndugu wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa kuhusu mikono iliyobaki. Nitahitaji mtu mwenye viatu vya matope."

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, mweupe, ukimeza safu za viazi moja moja, uliposikika mvumo wa ndege inayofuata. Bupe alikaza macho. Bibi Subilaga, kwa mazoea, alimshika bega, kisha akaliachia.

Ilitokea juu ya mikaratusi, ikiwa juu kuliko zote za mwaka huo. Mabawa yalikuwa sawa. Ilipita. Mkono wa Bupe ulikuwa umeinuliwa nusu, ukabaki hapo hapo.

Haikuinama. Ila ilikuwa ikiyumba kidogo, ovyo, kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba ya mwenzake. Iliingia kwenye ukungu upande wa uwanja, na Sekela akaanza kusikiliza kwa mwili mzima. Kisha injini zikanguruma kwa nguvu. Rubani alikuwa hajaridhika. Alikuwa ameacha kutua, anapaa upya. Sekela aliufunika mdomo kwa kiganja. Watu wangapi mle ndani? Hao wote alikuwa amewaweka yeye kwenye ukungu ule.

Ndege ilizunguka, haionekani, mvumo wake ukizunguka nao kilima. Ikaja tena kutoka mashariki. Ikapita juu yao kwa mara ya pili, imenyooka, inayumba kidogo kuliko mwanzo. Ikaingia kwenye weupe. Injini zikapungua, zikapungua, na safari hii hazikunguruma.

Wakasubiri. Simu ikatetemeka mkononi mwa Sekela. Alikuwa Fanuel, maneno machache tu: Imekaa. Watu wote wazima.

Sekela alikaa chini palepale kwenye tope, akalia kidogo, akajifuta kwa kanga ya bibi aliyopewa bila kusemeshwa.

Bupe alikuwa bado anatazama upande ule ambako ndege iliishia. Polepole aliushusha mkono.

"Huyu hajui kurusha," alisema.

"Hajui," alikubali Bibi Subilaga. "Atajifunza."